Sekondari ifundishe ufundi kando ya maandalizi ya chuo kikuu, au tuviachie vyuo vya ufundi?

Mjumbe_wa_Bodi

Wakuu, naomba mchango wa wanaolijua jambo hili kwa undani, hasa walimu wa karakana na watu wa mitaala.

Ni shule ya sekondari ya kutwa yenye wanafunzi wapatao 600. Masomo yote yamepangwa kumwandaa mwanafunzi kwa chuo kikuu. Bodi inajadili kuanzisha mkondo wa ufundi kwa miaka miwili ya mwisho: uchomeleaji, umeme wa majumbani na useremala. Lipo jengo moja la mita 8 kwa 15 linalotumika kama stoo. Umeme uliopo ni wa fezi moja.

Kuna pande mbili. Upande mmoja unasema wanafunzi wengi hawafiki chuo kikuu na wanamaliza bila stadi yoyote ya mkono, kwa hiyo shule inawahudumia wachache na kuwasahau waliobaki. Upande wa pili unasema mtoto wa miaka 15 au 16 akipelekwa kwenye ufundi ameshafungiwa njia, na kwamba kazi hiyo ni ya vyuo vya ufundi baada ya sekondari.

Nauliza mambo manne. Je, jambo hili lifanyike kabisa? Linawezekana kwa ratiba ya vipindi vya dakika 40? Mwanafunzi wa mkondo huo anabakije na nafasi ya kuomba chuo kikuu? Na miradi ya namna hii ikifa, huwa inauawa na nini? Naomba hesabu na hatua. Hoja za jumla tumeshazisikia za kutosha.

Jiliwa

Mkuu, nianze na ratiba, maana ndiyo inayoamua mengine yote.

Vipindi viwili vya dakika 40 vikiunganishwa ni dakika 80. Toa 10 za kuvaa ovaroli na kugawa vifaa, 10 za mwalimu kuonyesha kazi ya siku, 15 za kupoza vyuma, kufagia na kurudisha vifaa vikiwa vimehesabiwa. Zinabaki 45. Mashine moja ya kuchomelea inatumiwa na wawili, kwa hiyo kila mmoja anapata dakika 22 hivi. Kwa muda huo mkono haujazoea hata kutunza umbali kati ya ncha ya kijiti na chuma, na wiki ijayo unaanza upya. Kinachofaa ni zamu ya saa 3 mfululizo, mara mbili kwa wiki. Kwa wiki 35 za masomo hizo ni saa 210 kwa mwaka, na saa 420 kwa miaka miwili.

Sasa linganisha na mwanagenzi wa Ujerumani. Yeye yuko kazini siku 3 au 4 za wiki, zaidi ya saa 1,000 kwa mwaka, kwa miaka 2 hadi 3 na nusu kulingana na fani. Kwa hiyo bodi isiwaahidi wazazi kwamba sekondari itatoa fundi kamili. Saa 420 zinatoa mwanagenzi mzuri: mtu anayejua kupima, kusoma mchoro, kujikinga, kutunza kifaa, na kufanya kazi chache za msingi bila kusimamiwa kila dakika. Lengo hilo linatosha kabisa, na mwajiri anayempokea mtu wa namna hiyo anajua ameokolewa miezi mingi. Shida huanza pale cheti kinapodai zaidi ya hapo.

Pili, vifaa vinavyoisha. Hapa ndipo miradi mingi hufia. Watu huchangia jengo na mashine, wakapiga picha siku ya uzinduzi, lakini hakuna fungu la vijiti vya kuchomelea la mwaka wa pili. Hesabu ni rahisi. Kijiti cha milimita 2.5 chenye urefu wa milimita 350 huisha kwa takriban dakika moja. Katika zamu ya saa 3, ukitoa maandalizi na usafi, unabaki na dakika 140. Mashine huwaka kama theluthi ya muda huo, kwa sababu muda mwingine unakwenda kwenye kugonga kaa (ganda linalobaki juu ya mshono), kupiga brashi, kukagua na kupanga vipande. Hiyo ni karibu vijiti 45 kwa mashine. Kwa mashine 8 ni vijiti 360, na kwa gramu 20 kila kimoja unapata kilo 7 na ushei kwa zamu moja. Hata kama nusu tu ya zamu za mwaka ndizo za kuchomelea, unahitaji kama kilo 250 za vijiti kwa mwaka kwa kundi moja la wanafunzi 16. Ongeza vyuma vya mazoezi, diski za grainda, glavu na vioo vya helmeti. Orodha hiyo iingie kwenye bajeti ya kila mwaka kama ilivyo chaki na karatasi. Kama haiingii, msianze.

Tatu, umeme. Mashine ikifanya kazi kwa amperi 100 ina volti kama 24 kwenye cheche, yaani kilowati 2.4 zinazofika kwenye chuma. Ukihesabu kinachopotea ndani ya mashine pamoja na kigezo cha nguvu, inavuta karibu kVA 4 (volti mara amperi, gawa kwa 1,000) kutoka ukutani. Tano zikiwaka kwa pamoja ni kVA 20. Laini ya fezi moja ya amperi 60 kwa volti 230 haifiki hata kVA 14. Kwa hiyo bila umeme wa fezi tatu hamna uchomeleaji wa darasa, mna maonyesho ya mashine mbili huku wengine 12 wakiangalia.

Nne, jengo lenu. Mita za mraba 120 zinawatosha wanafunzi 16 wa fani moja. Uchomeleaji na useremala visikae chumba kimoja hata kama ratiba ni tofauti. Cheche za grainda na za kuchomelea zinaweza kuruka mita 10, na vumbi la mbao lililokaa juu ya kenchi na nyuma ya makabati linashika moto polepole, pengine saa moja baada ya watu kuondoka. Pazia au ukuta mwembamba hausaidii.

Kuhusu usalama nitataja mawili tu ambayo hupuuzwa. Grainda ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka kwa kasi kubwa kuliko ile inayoruhusiwa kwa diski ya milimita 230, ambayo huishia mizunguko kama 6,600 kwa dakika. Mwanafunzi akitoa kinga ili atie diski kubwa iliyobaki, diski inapasuka usoni mwake. Kinga ifungwe ili isitolewe bila mwalimu, na diski kubwa zikae stoo tofauti. La pili ni mabati na mabomba yaliyopakwa zinki. Moshi wake mweupe huleta homa saa chache baadaye, jioni, mtoto akiwa nyumbani na hakuna anayejua sababu. Vyuma vya mazoezi viwe vyeusi, visivyopakwa kitu.

Mwalimu mmoja kwa wanafunzi 16, pamoja na msaidizi wa karakana anayeshika stoo na kunoa zana. Ukiweka 40, wanaojifunza ni wale walio mbele.

Tarakimu

Nakubaliana na Jiliwa karibu kote. Nataka nijibu ile hoja ya kwamba mtoto "amefungiwa njia".

Njia hufungwa na jambo moja: kumwondoa mwanafunzi wa ufundi kwenye hisabati na fizikia, au kumpa hisabati nyepesi ya kumliwaza. Mtu akishakosa hisabati ya miaka miwili ya mwisho, vyuo vya uhandisi vimeshafungwa kwake, na hata kozi za juu za ufundi wenyewe. Kwa hiyo kanuni yangu ya kupanga ratiba ni kwamba hisabati, lugha na angalau somo moja la sayansi vibaki vya wote hadi mtihani wa mwisho, kwa silabasi ileile. Ufundi uchukue nafasi ya masomo mawili ya kuchagua. Saa 6 kwa wiki ni vipindi 9 vya dakika 40, na masomo mawili ya kuchagua huwa yanachukua vipindi vya namna hiyo. Nafasi ipo. Kinachokosekana ni utayari wa mtaaluma kuunganisha vipindi na kuziweka zamu asubuhi au baada ya mapumziko makubwa.

Faida ya pili ni kwamba karakana inaifundisha hisabati vizuri kuliko ubao. Chukua ngazi. Kimo cha sakafu hadi sakafu ni milimita 2,700. Ukigawa kwa vidato 15, kila kimoja kina kimo cha milimita 180. Mapana ya kukanyagia yawe 270. Kipimo cha raha ya mguu ni kimo mara mbili ukijumlisha upana, na jibu linatakiwa liwe kati ya 550 na 700. Hapa ni 630, ngazi inapandika. Vidato 15 vina makanyagio 14, kwa kuwa cha mwisho ni sakafu yenyewe, na hapo ndipo wengi hukosea. Kwa hiyo ngazi inachukua milimita 3,780 chini. Kwa Pythagoras, mbao ya ubavuni ina urefu wa karibu mita 4.65 kabla ya kuongeza za kukata ncha. Mwanafunzi akikosea milimita 3 katika kila kidato kwa sababu alihamisha kipimo kutoka kidato kilichotangulia badala ya kupima kutoka mwanzo, juu kabisa ana kosa la milimita 45. Somo la kulimbikiza makosa amelielewa bila mtu kulitaja kwa jina.

Au chukua umeme. Soketi iko mita 30 kutoka kwenye bodi, na mzigo ni amperi 16. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba hupoteza kama milivolti 18 kwa kila amperi kwa kila mita, kwenda na kurudi. Zidisha: 18 × 16 × 30 ni milivolti 8,640, yaani volti 8.6, ambayo ni chini kidogo ya asilimia 4 ya volti 230. Inakubalika. Waya wa 1.5 hupoteza milivolti 29, kwa hiyo unakuta volti 13.9, asilimia 6, na mota ya pampu inapata moto. Hii ni kanuni ya Ohm, ni asilimia, ni kubadilisha vipimo, na jibu lina maana. Wanafunzi wanaochoka na asilimia za mikopo huzikumbuka hizi.

Ila hili halitokei lenyewe. Mwalimu wa hisabati na wa karakana wakae pamoja kabla ya muhula na kuandika: wiki ya 4 karakana inahitaji Pythagoras, wiki ya 9 uwiano, wiki ya 14 tanjenti kwa ajili ya mteremko wa paa. Kama silabasi ya hisabati inaileta tanjenti wiki ya 25, mmoja wao asogeze. Ukurasa mmoja wa ratiba ya pamoja unatosha. Pasipo huo, mwalimu wa karakana hufundisha fomula kwa kukariri, na mwenzake hajui kwamba kwa jirani kuna mfano bora kuliko wote alionao.

Mtaala_Huru

Niongeze yaliyotokea kwingine, kwa sababu swali hili limeshajaribiwa mara nyingi na majibu yapo.

Marekani ilipitisha sheria ya Smith-Hughes mwaka 1917 na kuanza kugharamia ufundi katika sekondari kwa fedha za serikali kuu. Tatizo ni kwamba uliwekwa pembeni: bodi zake, walimu wake, wanafunzi wake. Kwa miongo mingi ukawa mahali pa kupeleka watoto wa maskini na wa jamii zilizobaguliwa. Hofu ya upande wa pili wa bodi yako, mkuu, ina historia ya kweli.

Lakini hukohuko lilizaliwa jaribio jingine. Mwaka 1969, Philadelphia, ilianza shule ndogo ndani ya shule, yenye fani moja, ambapo mwanafunzi anasoma masomo ya kawaida ya kuingia chuo pamoja na ya kazi, na waajiri wanahusika. Mpango huo ulienea, na baadaye ulipimwa kwa njia safi: waombaji walikuwa wengi kuliko nafasi, wakachaguliwa kwa bahati nasibu, kisha makundi yote mawili yakafuatiliwa kwa miaka 8 baada ya sekondari. Waliopata nafasi walikuwa na kipato cha mwaka kikubwa kwa takriban asilimia 11, na kwa vijana wa kiume asilimia 17. Na kuhusu kumaliza masomo ya juu, makundi hayakutofautiana. Someni hapo mara mbili: ufundi uliochanganywa na maandalizi ya chuo haukumpunguzia mtu nafasi ya chuo.

Nchini Uswisi, takriban theluthi mbili ya vijana hupitia mafunzo ya kazi baada ya elimu ya lazima. Tangu mwaka 1994 wana cheti cha ziada ambacho mwanagenzi anaweza kukisomea sambamba na fani yake au baada yake, kikampeleka moja kwa moja kwenye vyuo vikuu vya sayansi tumizi. Akitaka chuo kikuu cha kawaida, upo mtihani wa ziada wa kumvusha. Ufini nao, mwanafunzi wa mkondo wa ufundi ana haki ileile ya kuomba chuo kikuu kama wa mkondo wa jumla. Ujerumani ni mfano mzuri kwa upande wa uanagenzi, lakini kuwatenganisha watoto wakiwa na miaka 10, kama majimbo mengi ya huko yanavyofanya, ndiko kunakolaumiwa hata na Wajerumani wenyewe. Mkichukua somo kwao, chukueni karakana, acheni umri wa kuchuja.

Tahadhari moja kutoka Uswidi. Miaka ya 1990 waliongeza mkondo wa ufundi kutoka miaka miwili hadi mitatu, wakajaza masomo ya nadharia ili wote wapate sifa ya chuo kikuu. Walioingia chuo kikuu hawakuongezeka, na wenye alama za chini waliacha shule kwa wingi zaidi. Kwa hiyo kuongeza nadharia juu ya ufundi kama mzigo wa pili hakufungui mlango. Ndiyo maana pendekezo la Tarakimu la kuiingiza hisabati ndani ya kazi ni la msingi.

Kwa shule moja, isiyo na uwezo wa kubadilisha sheria za udahili, hatua ni hizi. Kabla ya kusajili mwanafunzi, chukueni vigezo vya kujiunga vya vyuo vinne au vitano ambavyo wahitimu wenu huomba zaidi. Pigeni mstari chini ya kila somo la lazima. Kisha hakikisheni kila mwanafunzi wa mkondo wa ufundi anafanya mtihani wa masomo hayo yote. Chuo kikigoma kulihesabu somo la ufundi, mwanafunzi awe bado na idadi ya masomo inayotakiwa bila hilo. Mwandikieni mzazi kwa maandishi ni kozi zipi zinabaki wazi na zipi hazimo. Karatasi hiyo ndiyo jibu la swali lako la tatu.

Nina_Shaka

Naheshimu michango iliyotangulia, lakini mtu aseme upande wa pili kwa uzito wake.

Uingereza, baada ya sheria ya elimu ya 1944, ilipanga aina tatu za sekondari, mojawapo ya ufundi. Shule za ufundi hazikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya wanafunzi. Sababu ni mashine ghali na walimu wasiopatikana. Kenya ilianza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985 ikiwa na masomo mengi ya vitendo, na shule nyingi zikajikuta zinafundisha useremala kwa daftari kwa sababu hakukuwa na karakana. Mwaka 2002 mzigo wa masomo ukapunguzwa. Tanzania ilikuwa na michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu katika sekondari tangu miaka ya 1970, na kuiendesha kuligharimu kuliko sekondari ya kawaida.

Kuna pia suala la umri. Uchunguzi wa mwanauchumi Eric Hanushek na wenzake uliolinganisha nchi kadhaa ulionyesha kwamba wenye elimu ya ufundi hupata kazi mapema kuliko wenye elimu ya jumla, lakini wakizeeka hali inageuka: teknolojia imebadilika na wao walijifunza kazi moja. Kijana wa miaka 16 ana miaka 40 na zaidi ya kufanya kazi mbele yake.

Chuo cha ufundi kilicho umbali unaofikika kina mashine, kina wakufunzi na kina usimamizi. Shule ingetafuta makubaliano: siku moja kwa wiki wanafunzi 16 waende huko. Gharama ni usafiri na ada, na hakuna karakana ya kuoza.

Jiliwa

Nina_Shaka, hiyo siku moja kwa wiki ni pendekezo zuri na ningelipa nafasi ya kwanza kama chuo kipo karibu. Mambo mawili tu ya kuangalia kwenye mkataba. La kwanza, nani anahesabu saa: siku ya chuo iliyoanza saa nne kwa sababu basi limechelewa na kuisha saa nane kwa sababu basi linarudi ni saa 4, si 7. La pili, bima na usimamizi. Mwanafunzi akiumia pale, iandikwe wazi ni jukumu la nani kabla hajaumia.

Kuhusu umri, ndiyo sababu ya kutofundisha mashine moja. Anayejifunza kubonyeza vitufe vya mashine fulani amezeeka siku mashine hiyo inapoondoka sokoni. Anayejua kupima kwa usahihi, kusoma mchoro, kutafuta hitilafu kwa mpangilio na kuelewa kwa nini chuma hupinda kikipata joto upande mmoja, huyo huhama na teknolojia. Na ukitazama vizuri, nchi ulizotaja zilikwama pale ambapo somo liliwekwa kila mahali kwa amri bila vifaa. Wanafunzi 16 katika shule moja ni jambo la kiasi kingine.

Mjumbe_wa_Bodi

Wakuu, nimepata zaidi ya nilichotarajia. Bodi inaelekea kuanza na fani moja, kundi moja la wanafunzi 16. Kwa jengo letu na umeme wa fezi moja, ipi iwe ya kwanza? Wanafunzi wachaguliwe vipi? Na mtihani wa vitendo uwe wa namna gani ili cheti kisiwe karatasi tu?

Nyaya_na_Ardhi

Anzeni na umeme wa majumbani. Haihitaji fezi tatu, haina moshi, vifaa vyake vinatumika tena na tena, na fizikia yake ni ileile ya mtihani.

Mpangilio: plaiwudi 8 za milimita 18, ukubwa wa mita 1.2 kwa 2.4, zisimamishwe kwenye fremu, wanafunzi wawili kwa kila moja, mmoja kila upande ikiwezekana. Kila ubao uwe na bodi ndogo ya kugawia umeme yenye kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliamperi 30, kikata umeme cha amperi 6 kwa taa na cha amperi 16 kwa soketi. Waya wa 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi. Muhula wa kwanza wapewe vipande vya mita 6. Vikikatwa vinakuwa vya mita 3, kisha vya mita moja kwa mazoezi ya kufunga ncha, na vilivyobaki vinauzwa kama shaba. Skrubu na masanduku ya plastiki ya soketi ndivyo vitakavyoisha haraka, kwa sababu nyuzi za skrubu za plastiki huliwa baada ya kufunguliwa mara nyingi. Agizeni mara mbili ya mnavyodhani.

Umeme wa ukutani usiingie kwenye ubao wowote hadi mwalimu amepima. Mpangilio haubadiliki. Kwanza mwendelezo wa waya wa ardhi kutoka kila soketi hadi kwenye bodi. Pili uhami, yaani kama ganda la waya halipitishi umeme, kwa kipimo cha volti 500 za mkondo mnyoofu. Jibu lisipungue megaohmu 1, na kwenye ubao mpya huwa kubwa mara nyingi zaidi ya hapo. Likiwa dogo, kagueni kwanza kama kuna balbu iliyoachwa kwenye holda. Tatu, kama swichi imekata laini yenye moto na si nyutro. Nne, baada ya kuwasha, kifaa cha miliamperi 30 kijaribiwe kwa kipimo, kikate ndani ya milisekunde 300. Kubonyeza kitufe chake cha majaribio peke yake hakuonyeshi kasi ya kukata. Swichi ya kukata umeme wa karakana nzima iwe mlangoni, mahali mwalimu anapoifikia bila kupita kati ya watu.

Uchaguzi wa wanafunzi ndio mtaharibu au mtatengeneza jina la mkondo. Msipeleke waliofeli. Mkifanya hivyo mwaka wa kwanza, hakuna mzazi atakayemleta mtoto mwaka wa pili, na mwalimu atatumia saa zake kufundisha kugawanya. Muhula mmoja kabla ya kuchagua, wanafunzi wote wa mwaka huo wapite karakana kwa zamu nne: kufunga soketi, kufunga taa ya swichi mbili, kusoma mchoro, kutafuta hitilafu. Wasichana na wavulana wapite sawa, maana wasichana wengi hawaombi mkondo ambao hawajawahi kushika zana zake. Kisha waombe wenyewe, na kigezo cha hisabati kiwe cha kawaida. Mlango wa kurudi uwe wazi hadi mwisho wa muhula wa kwanza. Baada ya hapo mwanafunzi anakuwa ameachwa nyuma kwenye somo aliloacha.

Mtihani: saa 4, mchoro ambao hawajauona, ubao mtupu. Mtahini atoke nje ya shule, na awe fundi anayefanya kazi hiyo, akiwa na karatasi ya alama. Alama zisitolewe kwa "unadhifu" tu. Andikeni vitu vinavyopimika: shaba isionekane nje ya skrubu ya terminali, waya wa ardhi uwe mrefu kuliko mingine ndani ya sanduku ili ukivutwa uwe wa mwisho kung'oka, kimo cha soketi kisitofautiane na mchoro kwa zaidi ya milimita 3, vipimo vyote vya uhami na mwendelezo viandikwe na mwanafunzi mwenyewe. Ubao ulioshindwa kipimo cha usalama umefeli hata kama mengine yote ni mazuri. Sehemu ya pili iwe dakika 30: mtahini ameweka hitilafu tatu kwenye ubao mzima, tuseme nyutro iliyolegea, waya wa ardhi uliokatika ndani ya ganda, na swichi iliyokata nyutro. Mwanafunzi azitafute na aandike alipima nini kwanza na kwa nini. Anayebahatisha hujulikana hapo mara moja. Kwa miaka yote miwili kila mwanafunzi awe na jalada lenye michoro yake, karatasi za vipimo na picha za kazi. Hilo ndilo analompelekea mwajiri au chuo, na mtu anayejua kazi huelewa kurasa tatu za vipimo haraka kuliko alama ya herufi moja.

Tarakimu

Nyaya, mpangilio wako wa vipimo niuombe kwa ajili ya darasa la fizikia. Swali moja: zana zinapotea vipi mnazuia? Karakana ya wanafunzi 16 hupoteza bisibisi zote kabla ya likizo ya kwanza.

Nyaya_na_Ardhi

Uchukue tu. Kuhusu zana, ubao wa vivuli. Kila koleo, bisibisi na pimamaji lina umbo lake lililochorwa kwa rangi ukutani, na kila mwanafunzi ana vibao vidogo vitatu vyenye namba yake. Akichukua zana anatundika kibao mahali pake. Zile dakika 15 za mwisho alizotaja Jiliwa ni za hapo: msaidizi anasimama mbele ya ubao, na hakuna anayevua ovaroli hadi vivuli vyote vimefunikwa. Kipimo cha uhami na cha kujaribu kikata umeme havikai ukutani. Vinafungiwa kabatini, betri zikiwa zimetolewa wakati wa likizo, kwa sababu betri zikivujia ndani kipimo kinaharibika.